Chenji ya rada na dawati la Tukuyu

Wadau, kila nikipita kwenye shule za msingi hapa Tukuyu, mvua ikigonga mabati, nakumbuka ile rada.

Mwaka 2001 serikali ilifuta ada ya shule za msingi. Madarasa yakafurika nchi nzima, watoto wakakaa chini. Desemba hiyohiyo Uingereza ya Tony Blair ikairuhusu BAE Systems ituuzie rada ya pauni milioni 28, kwa mkopo. Tukaambiwa ni usalama wa anga. Hata waziri wao, Clare Short, alipinga.

Baadaye ikajulikana kuwa dalali alilipwa zaidi ya dola milioni 12. Mwaka 2010 mahakama ya London iliitoza BAE faini ya pauni 500,000, kwa kosa la kutotunza hesabu vizuri. Kisha mwaka 2012 kampuni ikatulipa pauni milioni 29.5 za vitabu na madawati ya shule za msingi.

Tukaziita "chenji ya rada". Jamani, chenji gani inazidi bei ya bidhaa? Na hakuna kigogo wetu aliyefungwa.

Mimi najiuliza: usalama wa nchi unaanzia angani, au kwenye dawati la mtoto wa Rungwe?