Beard na Wahakiki Wake: Juu ya Kupima Hoja katika Historia ya Katiba ya Marekani

Kitabu cha Charles A. Beard, An Economic Interpretation of the Constitution of the United States, kilitolewa mwaka 1913, naye wakati huo alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Vitabu vya historia vilivyobishaniwa kwa muda mrefu kama hicho ni vichache, na kwa hiyo chafaa kutuonyesha kazi ya mhakiki ni nini hasa.

Wamarekani wengi walizoea kuitazama Katiba yao kuwa ni kazi ya wazee wenye hekima waliokutana Philadelphia mwaka 1787. Beard aliuliza jambo jingine: wajumbe wale 55 walikuwa na mali gani? Alifungua madaftari ya zamani ya Hazina, akaona kwamba wajumbe wasiopungua 40 wameandikwa humo kuwa na hati za deni la serikali. Hati hizo zilikuwa zimeshuka thamani sana, na serikali mpya yenye nguvu ya kutoza kodi ndiyo ingeweza kuzilipa. Basi akaifasiri Katiba kuwa ni kazi ya wenye mali ihamishikayo, yaani fedha, biashara na hati, dhidi ya wakulima wadogo na wadaiwa.

Mwaka 1956 Robert E. Brown alikifuata kitabu hicho sura kwa sura. Katika hoja zake, iliyo nzito kwangu ni ile ya tarehe. Madaftari yale yahusu hati zilizobadilishwa kwa mpango wa mwaka 1790. Hayawezi kuthibitisha kwamba mjumbe alikuwa nazo mwaka 1787, maana yamkini alizinunua baadaye. Swali hili, la umri wa ushahidi, lina faida kuliko lawama nyingi alizorushiwa Beard juu ya nia yake. Forrest McDonald, mwaka 1958, alichagua njia ndefu zaidi: alichunguza mali za wajumbe wa Philadelphia na za wale wa mikutano ya majimbo iliyoidhinisha Katiba, akasema mgawanyiko wao haukufuata mpaka aliouchora Beard. Jackson Turner Main naye akamhakiki McDonald katika William and Mary Quarterly mwaka 1960.

Ningependa ubishi ule ungelikawia zaidi mahali pamoja. Beard alihesabu wajumbe wasiopungua 15 wenye watumwa, akawaweka watumwa hao katika mali ihamishikayo, kando ya fedha za kukopesha. Lakini utajiri wa bwana wa watumwa ulishikamana na shamba lake. Je, tumweke pamoja na mfanya biashara wa Boston, au pamoja na wenye ardhi? Hapo mpaka wa Beard walegea bila msaada wa daftari lolote. Katiba yenyewe ililikwepa neno: ilihesabu watumwa kwa sehemu tatu za tano bila kuwataja kwa jina lao, na utumwa haukutajwa waziwazi humo mpaka badiliko la 13, mwaka 1865.

Liko jambo la lugha pia, linalotuhusu sisi tuandikao uhakiki kwa Kiswahili. Katika dibaji ya mwaka 1935 Beard alikumbusha kwamba jina la kitabu chake laanza na neno “An”: yeye alitoa fasiri moja, hakudai kuwa ndiyo ya pekee. Kiswahili hakina neno la namna hiyo mbele ya jina. Mhakiki aandikaye “Fasiri ya Kiuchumi ya Katiba” amekwisha kumwongezea Beard dai bila kukusudia, kisha hulipinga dai hilo. Hapana budi kuandika “Fasiri Mojawapo”, ijapokuwa sikio halilipendi.

Walakini Beard naye hakuwa na haki ya kujificha kabisa nyuma ya neno dogo, kwa kuwa hitimisho lake la mwaka 1913 lasema kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Mimi ningetia “mojawapo” katika jina la kitabu, na hitimisho ningelifasiri kwa ukali wake wote, ili msomaji aone mwenyewe jinsi viwili hivyo visivyolingana.