Maji ya visima vya Eastlands hutoka mbali

MAJI yanayovutwa kutoka visima virefu vya Kayole, Umoja na Donholm kwa sehemu kubwa hayatokani na mvua inyeshayo mitaani humo. Udongo mweusi wa Eastlands ukilowa huvimba na kuziba, hivyo barabara hufurika huku miamba ya chini ikiambulia kidogo mno.

Asili yake ni nyanda za magharibi: Limuru, Kikuyu na Ngong. Huko mvua hupenya nyufa za miamba ya volkano, kisha maji huteremka polepole kuelekea mashariki, baina ya matabaka ya lava na mashapo ya kale. Tabaka hilo likikatwa na bonde, maji hububujika na kuwa chemchemi, mfano zile za Kikuyu zilizoinywesha Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20.

Safari hiyo huyatia maji floraidi. Visima vingi jijini hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha hakuiondoi. Watoto wanaokua wakiyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia.

Ama "chemchemi" inayozuka kando ya msingi wa nyumba mtaani, aghalabu hayo ni maji ya juujuu, au bomba la majitaka lililopasuka.