Madini ya pete na safari ya Ocean Road



Sisi mafundi cherehani wakati mwengine huliona tumbo kabla ya daktari. Tulimshonea biharusi mmoja wa Iringa. Kipimo cha kwanza kiuno kilikuwa inchi 28, cha tatu 33, na uso umekonda. Watu wakaanza kunong'ona kuwa ana mimba, na upande wa mume ukasita. Kumbe ni saratani ya ovari, ile inayoanzia kwenye chembe za mayai na kuwapata zaidi wasichana. Wanawake watu wazima hupata zaidi ile ya utando wa nje wa ovari. Nayo huja kimyakimya: tumbo kujaa, kushiba upesi, haja ndogo kila mara.

Mwaka 1809, jimbo la Kentucky, Marekani, Jane Todd Crawford alipanda farasi karibu kilomita 100 kwenye baridi ya Desemba kumfuata daktari Ephraim McDowell. Akapasuliwa bila dawa ya usingizi, akatolewa uvimbe wa ovari wa kilo kama 10. Aliishi hadi 1842! Dada zetu wa Mbeya wanaijua safari hiyo: zaidi ya kilomita 800 kwa basi hadi Dar es Salaam, Iringa karibu 500, na sisi wa visiwani kwa boti. Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani wa nchi nzima walikuwa wakipelekwa Ocean Road, hospitali waliyoijenga Wajerumani na kuifungua 1897, ambayo sheria ya 1996 iliifanya taasisi inayojitegemea.

Dawa yenyewe ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg alitangaza kuwa vipande vya platinamu kwenye jaribio lake la umeme vilizuia bakteria kugawanyika. Platinamu, ndiyo, madini ya pete za harusi. Ikatoka sisiplatini, iliyoruhusiwa Marekani 1978 kwa saratani mbili: ya ovari na ya korodani.

Hapo waume zetu wanaingia. Saratani ya korodani huwapata zaidi vijana, na kivimbe chake mara nyingi hakiumi, basi haya inamfanya anyamaze. Hupimwa kwa altrasaundi na damu, kisha kokwa yote hutolewa kupitia kinena; haichomwi sindano kuchukua kinyama, isije ikasambaa. Zamani ikishasambaa wengi walikufa. Kwa sisiplatini wengi hupona, na kokwa moja iliyobaki mara nyingi yatosha kupata watoto.

Yule wa Iringa alipelekwa Dar na mama yake. Akatolewa ovari moja, akapata dawa, nywele zikanyonyoka. Mchumba alingoja, ingawa wifi mtu hakupenda. Gauni tulilifumua mara mbili, na mara ya mwisho tulilipunguza hadi inchi 27.