Bei Tajwa: Kwa Nini Kadi ya Michoro Haina "Bei Rasmi"

Kila kadi mpya ya michoro inapotangazwa, waandishi wetu wa teknolojia hutuarifu kwamba "bei yake rasmi" ni dola kadhaa. Msomaji mpenda michezo ya kompyuta huishika namba hiyo, huibadilisha kuwa shilingi, kisha huingia dukani Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi akiwa na hesabu yake kichwani. Muuzaji anapomtajia kiasi kilicho mbali na hesabu hiyo, mteja humwona tapeli. Huenda muuzaji hana kosa lolote. Kosa limo katika neno "rasmi", na limefanywa na watu ambao kazi yao ni kuyapima maneno kabla ya kuyatoa. Dhana inayofupishwa kwa herufi nne, MSRP, yaani bei ya rejareja inayopendekezwa na mtengenezaji, inahitaji jina linalosema ukweli wake. Jina hilo ni bei tajwa.

Tuanze na "bei" yenyewe. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni tendo la kuuza, si kiasi cha fedha. Kiasi cha fedha Waarabu hukiita thaman, nasi tukalichukua neno hilo likawa thamani, yaani ubora wa kitu machoni pa mwenye kukithamini. Maneno hayo mawili yalipofika pwani yetu yalihama maana: la kuuza likawa la kiasi, na la kiasi likawa la ubora. Hata hivyo, bei haijasahau nyumba ilikotoka. Mswahili hasemi bei imekamilika mpaka pande mbili zikubaliane. Matangazo yetu ya biashara huandikwa "bei maelewano", na kila mnunuzi anajua maana yake. Sasa tulitazame "rasmi". Nalo ni la Kiarabu, la ukoo mmoja na rasimu, kutoka mzizi wenye maana ya kuchora na kuandika. Kwetu limetua kwenye mamlaka: lugha rasmi, ziara rasmi, gazeti rasmi la serikali. Kitu rasmi kina mwenye kukisimamia, na anayekikiuka huulizwa. Basi tuulize: anayeuza kadi juu ya bei iliyotangazwa jukwaani anaulizwa na nani? Haulizwi na yeyote, kwa kuwa hajakiuka chochote.

Historia ya sheria inalithibitisha hilo. Mwaka 1911, katika kesi ya Dr. Miles, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtengenezaji hana haki ya kuwafunga wauza rejareja kwa bei anayoitaka yeye. Msimamo huo ulidumu hadi mwaka 2007, mahakama hiyohiyo ilipoulegeza katika kesi ya Leegin na kutaka kila shauri lipimwe kwa mazingira yake. Uingereza nayo ilitunga sheria ya kuzuia ufungaji wa bei za rejareja mwaka 1964. Katika mazingira hayo mtengenezaji hupendekeza tu, na pendekezo lake halimfungi mwenye duka. Dhana nzima imesimama juu ya kutokuwa na nguvu. Kuivika joho la "rasmi" ni kuipa mamlaka ambayo mahakama iliinyima.

Soko la kadi za michoro linatoa ushahidi mwingi kuliko soko lolote ninalolijua. Mei 2016 kampuni ya NVIDIA iliitangaza kadi yake ya GTX 1080 kwa bei mbili kwa pamoja: dola 599, na dola 699 kwa toleo lake yenyewe. Ipi kati ya hizo ndiyo rasmi? Septemba 2020 ilikuja RTX 3080. Marekani ilitangazwa kwa dola 699 bila kodi ya mauzo, Uingereza kwa pauni 649 pamoja na VAT. Kisha janga la korona, uhaba wa chipu na wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum, waliozihitaji kadi hizi, vikakutana, na kwa miezi mingi kadi hiyo ikauzwa kwa zaidi ya maradufu ya namba iliyotangazwa. Mambo yakageuka mwaka 2022: thamani ya sarafu ikaporomoka, na tarehe 15 Septemba Ethereum ikabadili mfumo wake, kadi za michoro zikakosa kazi huko. RTX 3090 Ti, iliyotangazwa Machi mwaka huo kwa dola 1,999, ilikuwa inauzwa karibu dola 1,100 kabla mwaka haujaisha. Bei inayoitwa rasmi ilipitwa kwenda juu kwa kadi moja, ikapitwa kwenda chini kwa nyingine.

Mfano unaofuata ndio unaomaliza ubishi. Septemba 2022 NVIDIA ilitangaza RTX 4080 ya gigabaiti 12 kwa dola 899. Mwezi uliofuata, baada ya malalamiko kwamba jina lake lingewachanganya wanunuzi, kampuni ikaiondoa kabla haijafika madukani. Januari 2023 ikarudi kwa jina la RTX 4070 Ti na dola 799. Hakuna binadamu aliyenunua kadi ile kwa jina lake la kwanza na bei yake ya kwanza. Ilikuwa na bei bila kuwa na mauzo. Kwa asili ya neno, ilikuwa bei isiyo bei. Lakini ilitajwa. Kati ya yote yanayoweza kusemwa kuhusu zile dola 899, hilo peke yake ni kweli.

Wapo waliouona udhaifu wa "rasmi" wakakimbilia "bei elekezi", na kamati za istilahi nazo zimelipenda kwa sababu lina sura ya istilahi. Wamekosea pakubwa zaidi. Mtanzania analijua neno hilo kutoka kwenye sukari: serikali ikitoa bei elekezi, mfanyabiashara anayeipandisha hutarajiwa kuchukuliwa hatua. Lina jirani yake, "bei kikomo", ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, huitangaza kila mwezi kwa mafuta, na kituo kinachoivuka hutozwa faini. Kuyachukua maneno yenye meno ya serikali na kuyabandika kwenye tangazo la kampuni ya California ni kumdanganya mnunuzi kwamba ana mtetezi. "Bei ya kiwandani" nayo haifai. NVIDIA huisanifu chipu. Kwa kizazi cha RTX 40 aliyeichapa ni TSMC wa Taiwan. Na kadi nyingi zilizomo madukani zimeundwa na kampuni kama ASUS, MSI na Gigabyte. Kiwanda kipi basi? Na bei ya kiwandani, kwa maana yake halisi, ni ile mwenye duka anayotozwa, si ile mteja anayoambiwa.

Kuna hoja moja inayostahili jibu la heshima. Wanaosema "bei pendekezwa" wanafuata maana ya asili neno kwa neno, na katika sheria hawajakosea. Lakini istilahi njema humwonyesha msemaji namna ya kukitumia kitu, na "pendekezwa" haifanyi hivyo. Pendekezo kwa Mswahili ni ushauri unaomhusu anayeshauriwa: hujadiliwa, hukubaliwa au hukataliwa. Mnunuzi wa kadi hakushauriwa na hana kikao cha kukataa. Anachokutana nacho ni namba iliyosemwa na mtu wa mbali kabla biashara haijaanza, na kusema namba kabla ya biashara kuna kitenzi chake cha siku zote: kutaja. "Taja bei," husema mnunuzi sokoni, na hajawahi kudhani kwamba kitakachotajwa ndicho atakacholipa.

Wengine watasema kila bei hutajwa, hata ya dukani, hivyo jina halitofautishi. Lingekosa kutofautisha kama lingesimama peke yake, lakini Kiswahili kimeshaliandalia ndugu zake. Kuna bei tajwa, anayoitamka mwenye bidhaa jukwaani. Kuna bei ya dukani, yenye usafiri, ushuru, VAT na faida ya muuzaji ndani yake. Na kuna bei ya mwisho, ambayo kila Mswahili ameiulizia walau mara moja maishani. Ngazi tatu, kila moja ikieleweka bila kamusi. Ama wanaolalamika kwamba "tajwa" haina muundo wa kivumishi, wafungue barua yoyote ya ofisini wasome mstari wake wa kwanza: "Tafadhali rejea kichwa cha habari tajwa hapo juu." Muundo huo umetumika kwa miongo mingi bila kamati yoyote kuukataa. Sioni kwa nini ukubalike kwenye barua ya kuomba likizo na ukataliwe kwenye bei.

Kwa mtumiaji, kanuni ni fupi. Usibadilishe kadi kwa sababu bei tajwa ya kizazi kipya imekuvutia. Badilisha pale michezo unayocheza inapokwama kwenye skrini uliyonayo hata baada ya kupunguza mipangilio, kisha linganisha bei ya mwisho ya kadi mpya na bei ya mwisho ya kadi ya kizazi kilichopita. Bei tajwa itumie kupima umbali tu: ikiwa ya dukani imeiacha mbali sana kuliko usafiri na kodi vinavyoweza kueleza, soko limepata homa, na homa hupoa, kama ilivyopoa mwaka 2022.

Nawaomba wahariri na watunga kamusi walifute "rasmi" mahali hapa. NVIDIA ilitaja dola 1,999 kwa RTX 5090 Januari 2025. Andikeni hivyohivyo: ilitaja.