Wimbo Usio na Kiitikio

Maji yakipwa Matemwe, Unguja, akina mama huteremka kwenye mashamba ya mwani, na nyuma yao spika za hoteli za ufukweni huwaburudisha wageni. Mara nyingi utasikia Bohemian Rhapsody. Wageni huuimba wote. Wenyeji wengi hawajui kwamba aliyeutunga ni mtoto wa Mji Mkongwe.

Farrokh Bulsara, baadaye Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Mparsi, alikuwa karani wa fedha serikalini. Mtoto alipelekwa bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza piano na kuingia bendi ya shule, The Hectics. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza.

Wimbo wenyewe bendi yake, Queen, iliuanza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, Wales. Mercury alikuwa nao kichwani, akipiga piano na kuwaelekeza wenzake wapi pa kuingia. Yeye, Brian May na Roger Taylor wakarekodi sauti juu ya sauti, tabaka hadi tabaka, mpaka utepe ukachakaa. Unaanza polepole, unageuka opera, unalipuka roki, kisha unatulia. Kiitikio hakuna. Na katikati ya vurugu la opera linasikika neno ambalo mtoto wa Unguja hulitamka kabla hajatia tonge mdomoni.

Wakubwa wa kampuni ya kurekodi waliguna: dakika 5 na sekunde 55, redio gani itaupiga? Hapo mpenzi wa taarab lazima acheke. Kwa aliyezoea kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa 1905, ambako fidla, ganuni na udi hujinafasi kabla mwimbaji hajafungua kinywa, dakika sita ni za kukaa vizuri kitini. Sidai kwamba Mercury aliyachukua hayo kwetu. Nasema tu sikio la hapa lisingeshtuka.

Mtangazaji Kenny Everett wa London aliupiga mara 14 katika siku mbili. Ulitoka rasmi tarehe 31 Oktoba 1975, ukakaa kileleni Uingereza wiki tisa, na ukarudi kileleni Mercury alipofariki mwaka 1991.

Nyumbani hakupokewa kwa mikono miwili. Mwaka 2006, sherehe ya kumkumbuka ilipopangwa Unguja, kikundi cha Kiislamu cha Uamsho kiliipinga kwa sababu ya mwenendo wake. Makumbusho yake yalifunguliwa 2019, Shangani. Mtu wa Matemwe anayetaka kuyaona apande daladala hadi mjini, amalizie kwa miguu.