Nani Aliweka Boliti Hii?

Lori la mjomba wangu limeizidi Kenya huru kwa umri. Ni GMC aina ya CCKW, ekseli tatu na zote zinavuta, gari la jeshi la Marekani lililoundwa kati ya 1941 na 1945. Yalitengenezwa zaidi ya laki tano. Hili moja liliishia Kinangop, na mjomba alipolinunua kwenye shamba fulani halikuwa na milango, na kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva.

Mvua ikinyesha na malori ya viazi yakikwama kwenye matope, simu ya mjomba ndiyo hupigwa. Mbele ya lori lake kuna winchi. Winchi hiyo imesomesha binamu zangu watatu.

Mei mwaka juzi, waya wa winchi ulikatika ukiwa umekazwa kabisa. Ulirudi kama mjeledi, ukampiga turniboi wake mguuni, mfupa ukavunjika mahali pawili. Alikuwa na miaka 22. Kila mtu alisema waya ulikuwa mzee. Wiki chache baadaye nilipanda kutoka Nairobi na laptopu yenye TM 9-801, kitabu cha jeshi cha lori hili, nikijifanya najua kitu.

Tulianza na mambo rahisi. Tulipofungua oili ya gia za winchi, ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yalikuwa yameingia, sili zimekufa. Breki inayoshikilia mzigo ukikanyaga klachi ilikuwa imelegea, ndiyo maana mzigo ulikuwa ukirudi nyuma kidogo kidogo. Ile klachi ya dramu, unayoitoa ili uvute waya kwa mkono, ilikuwa imeshikwa na kutu. Haya yote ni kazi ya siku moja, grisi na matusi.

Turniboi alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda, magongo kando yake. Akainua gongo moja, akaonyesha pale propela ya winchi inapoungana na gia.

"Mzee, nani aliweka boliti hii?"

Mjomba akanyamaza. Mimi nikarudi kwenye kitabu.

Winchi hii haina injini yake. Inachukua nguvu kutoka kwa gia za lori, nguvu inapita kwenye propela nyembamba chini ya injini hadi mbele. Mwisho wa propela hiyo kuna pini moja. Ukiichomoa, propela inazunguka bure na winchi haisogei. Pini hiyo imetengenezwa kwa chuma laini makusudi. Winchi imepimiwa kuvuta pauni 10,000, karibu kilo 4,500, na hapo ni waya ukiwa umebaki safu ya chini kabisa kwenye dramu. Kadiri safu zinavyoongezeka, ndivyo nguvu inavyopungua. Mzigo ukizidi, pini inakatika, kila kitu kinasimama, breki inashika. Unaweka pini nyingine, basi.

Kwetu palikuwa na boliti ya chuma kigumu. Haingekatika kamwe. Kwa hiyo siku mzigo ulipozidi, kilichobaki cha kukatika kilikuwa waya.

Mjomba alisema lori lilikuja hivyo. Huenda ni kweli. Pini zinakatika hovyo kwenye matope, na dereva aliyechoka akikosa pini ataweka chochote kinachoingia kwenye tundu. Lakini baba yake, guka wangu, angeitambua boliti ile kwa kuiangalia tu. Alikuwa dereva wa jeshi Burma.

Wengi wetu tunalijua jina Burma kwa sababu ya soko la nyama pale Jogoo Road. Mwaka 1944, katikati ya mvua za monsuni, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw kuwafuata Wajapani. Walikuwa watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Barabara iligeuka uji. Chakula na risasi vilidondoshwa kwa ndege, na gari lililokwama lilitolewa kwa magogo, minyororo, winchi na migongo ya watu. Desemba waliingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Miezi hiyohiyo huko Ufaransa, malori ya GMC kama hili la mjomba yalikuwa yakipeleka mafuta na risasi usiku na mchana kwenye msafara ulioitwa Red Ball Express, na karibu robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi.

Nafikiria pia Kariokor. Jina hilo linatokana na Carrier Corps, wapagazi wa vita vya kwanza, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa magonjwa, wakibeba mizigo ya Waingereza kwa vichwa. Kizazi kimoja baadaye, watoto wao walikabidhiwa usukani.

Guka alirudi na leseni ya udereva na ujuzi wa spana. Wanajeshi wazungu walipewa mikopo na mashamba huku huku kwenye nyanda za juu. Yeye alipewa kazi ya kuendesha lori la mmoja wao. Mjomba anasema mzee alikuwa na kopo la pini alilolificha chini ya kitanda kama pesa. Sasa mbona mwanawe akaendesha miaka yote hiyo na boliti? Nilimuuliza mara moja tu. Aliniambia pini zikikatika mara tatu kwa siku, mteja anaita trekta.

Tulichongesha pini 10 kwa fundi wa leithi pale Grogan, mtaa ambao kwenye ramani ni Kirinyaga Road. (Jina la zamani ni la Mzungu aliyewachapa viboko Waafrika watatu mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Mafundi bado wanalitumia.) Tuliweka sili mpya na waya mpya, tukaukunja dramuni ukiwa na mzigo ili safu zilale sawa.

Siku ya kwanza pini ilikatika mara mbili kabla ya saa nne. Mjomba alitukana, kisha akachukua jembe akachimbua magurudumu ya lori la viazi, akaongeza kapi ili nguvu iwe maradufu na mwendo nusu. Likatoka. Turniboi, ambaye bado anachechemea, alikuwa amesimama mbali, upande, akiwafukuza watoto waliokuja kuangalia.

Boliti iko mfukoni mwake. Mjomba ameshaiomba mara kadhaa, eti aifungie bampa.