Tiba ya wasiwasi ilivyofika Kibera

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo, akashikilia kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Waafrika.

Ushahidi wake mkubwa ulitoka wodini, na hapo ndipo dosari ilipo. Mathari, iliyofunguliwa 1910, ilipokea zaidi watu waliosumbua wengine. Aliyejisumbua mwenyewe kwa mawazo hakupelekwa huko. Upande wa pili wa mji kulikuwa na Kibera, ardhi iliyotengewa mwaka 1918 askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, ambao wazao wao, Wanubi, bado wako Makina, sehemu ya Kibera. Mkazi wa huko aliyekosa usingizi na kuhisi moyo ukienda mbio alikuwa na wazee, shehe, mganga au majirani. Daktari wa Mathari hakumwona, kwa hiyo hakumhesabu.

Wakati huohuo tiba ya hofu ilikuwa ikibadilika. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyewatibu askari katika Vita vya Pili vya Dunia, alichapisha mbinu yake mwaka 1958: mgonjwa hufundishwa kwanza kutuliza mwili, kisha hukutanishwa na kinachomtisha hatua kwa hatua, akianza na kidogo. Miaka ya 1960, huko Philadelphia, daktari wa akili Aaron Beck akaongeza upande wa fikra. Mgonjwa hujifunza kulikamata wazo linalomtia hofu, kulipima kwa ushahidi, na kulibadilisha likionekana halina msingi.

Nchini Kenya, utafiti wa madaktari Ndetei na Muhangi uliochapishwa 1979 ulionyesha kwamba katika kliniki ya kijijini, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la akili. Wengi walikuja wakilalamikia maumivu ya mwili. Kisha ikaja tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani likaua watu 213 jijini Nairobi, na ushauri nasaha ukawa hitaji la maelfu ya watu kwa mpigo.

Lakini wataalamu walikuwa wachache mno. Swali likawa: je, mtu asiye daktari anaweza kutoa tiba ya wasiwasi?

Jibu moja lilitolewa Nairobi. Katika utafiti uliochapishwa 2017, wanawake 421 waliowahi kukumbwa na ukatili wa kijinsia waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa. La pili lilikutana na wahudumu wa afya ya jamii kwa vikao vitano, kimoja kila wiki, wakijifunza kupumua polepole, kuligawa tatizo vipande vinavyotatulika, kurudia shughuli walizoziacha na kuimarisha uhusiano na watu wao. Miezi mitatu baadaye, kundi la pili lilikuwa limepata nafuu zaidi.

Jibu jingine lilitoka Kibera kwenyewe. Tom Osborn, kijana Mkenya aliyekuwa akisoma Harvard, alishirikiana na wenzake kuwajaribia tiba ya vikundi wanafunzi 51 wa sekondari wenye dalili za wasiwasi au huzuni. Waliowaongoza walikuwa vijana waliotoka shule majuzi tu. Wiki nne, saa moja kila wiki, walizungumza kuhusu uwezo unaokua kwa juhudi, shukrani, na mambo wanayoyathamini maishani. Wasiwasi na huzuni vilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na alama za darasani zikapanda. Mwaka 2021 matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, yaliunga mkono nafuu hiyo. Shirika la Shamiri, lililozaliwa na kazi hii, sasa linaifikisha katika shule nyingine nyingi.

Mbinu hizi hazichukui nafasi ya daktari. Kiongozi wa kikundi anahitaji msimamizi, na mwanafunzi anayetaka kujidhuru lazima apelekwe kwa mtaalamu bila kuchelewa. Hata hivyo, Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Wote wakifunzwa pia vikao vile vitano, mama wa Makina anayelala kwa hofu anaweza kupata msaada uliopimwa hapahapa Nairobi, bila nauli na bila kuogopa macho ya watu.